Kumisi kwa injini

Kumisi kwa injini (pia: injini kukosa moto) ni hali ambayo silinda moja au zaidi ya injini hushindwa kuunguza mafuta yake kwa wakati unaotakiwa, au haiyaunguzi kabisa. Dereva huitambua kwa mtetemo, kwa mngurumo unaokatikakatika, na kwa gari kupungukiwa nguvu hasa linapopanda mlima. Neno "kumisi" ni la gereji, limetoholewa kutoka Kiingereza, na ndilo linalotumiwa na mafundi na madereva wengi wanaposema kwamba gari "linamisi".

Makala hii inahusu zaidi magari ya zamani ya petroli yenye kabureta na distribyuta. Mfano mkuu ni Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25, aina iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985 na kutumika sana Afrika ya Mashariki katika idara za serikali, misheni, mashamba na hifadhi za wanyama. Kanuni zilezile zinafaa kwa Peugeot, Toyota na Volkswagen za miaka hiyo, ingawa vipimo hutofautiana.

Kumisi ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na sababu zake ni nyingi. Hasara kubwa kwa mwenye gari mara nyingi haitokani na kosa lenyewe. Hutokana na vipuri vinavyobadilishwa kwa kubahatisha: leo plagi, kesho koili, keshokutwa kabureta nzima, na gari bado linamisi. Uchunguzi unaofuata utaratibu huchukua saa moja au mbili na huhitaji vifaa vichache.

## Silinda inahitaji nini

Injini nyingi za petroli hufuata mzunguko wa hatua nne, uliofanikishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876: pistoni huvuta hewa yenye mafuta, huigandamiza, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni chini, kisha moshi hutolewa. Kwa hiyo kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenkishafti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 25 kwa sekunde moja, na koili moja inayozihudumia zote hutoa cheche 100 kwa sekunde. Cheche ikikosekana, hakuna nafasi ya kuirudia mpaka zamu ya silinda hiyo ifike tena.

Ili silinda iwake vizuri inahitaji mambo matatu:

* cheche yenye nguvu, kwa wakati wake;
* mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli;
* mgandamizo wa kutosha, yaani silinda isiyovuja.

Kumisi kote hutokana na upungufu wa moja kati ya hayo matatu, au zaidi ya moja kwa pamoja. Silinda moja kati ya nne ikifa, injini hupoteza zaidi ya robo ya nguvu zake, kwa sababu zile tatu zilizobaki hulazimika pia kuisukuma pistoni isiyofanya kazi.

Katika magari ya zamani cheche hutengenezwa kwa mfumo uliotokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering, ambaye kampuni yake ya Delco iliuza mifumo hiyo kwa Cadillac kuanzia mwaka 1910 hivi. Umeme wa betri hupita katika koili na katika pointi zilizo ndani ya distribyuta. Pointi zinapofunguka, umeme hukatika ghafla, na koili hutoa mkupuo wa volti zaidi ya 10,000, mara nyingine zaidi ya 20,000. Mkupuo huo hupita kwenye waya wa kati hadi kifuniko cha distribyuta, ambamo rota inayozunguka huugawa kwa waya wa kila plagi kwa zamu. Kondensa ndogo iliyofungwa sambamba na pointi huzuia cheche isiruke kwenye pointi zenyewe.

Zamu hiyo huitwa mpangilio wa kuwaka. Katika Land Rover ya lita 2.25 ni 1-3-4-2, na silinda namba 1 ni ile ya mbele karibu na feni. Waya mbili zikibadilishana mahali, silinda mbili hupata cheche wakati usiofaa. Kosa hili huonekana mara nyingi baada ya gari kuoshwa injini au kubadilishiwa plagi. Gari lililokuwa zima asubuhi likarudi gereji jioni likipiga chafya kwenye kabureta na milio ya bunduki kwenye bomba la moshi, jambo la kwanza kuangaliwa ni waya hizo.

## Dalili na maana yake

Fundi mzuri huanza kwa maswali kabla ya kushika spana. Linamisi lini? Likiwa baridi au likishapata moto? Mlimani au likiwa limesimama? Tangu lilipofanyiwa nini?

Kumisi kwa mpigo ulio sawasawa, kama mtu anayechechemea, huelekeza kwenye silinda moja. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kushika karatasi au kitambaa mbele ya mdomo wa bomba la moshi: pumzi ya moshi hukatika kwa zamu ileile kila mara. Kumisi kusiko na mpangilio, mara huku mara kule, huelekeza kwenye kitu kinachohudumia silinda zote: koili, pointi, kondensa, waya wa kati, pampu ya mafuta au kabureta.

Gari linalonguruma vizuri likiwa limesimama lakini linamisi likipanda mlima mara nyingi lina cheche dhaifu. Sababu ni ya kifizikia. Dereva akikanyaga mafuta, hewa nyingi huingia katika silinda na shinikizo huwa kubwa wakati wa mgandamizo; kadiri hewa inavyobanwa ndivyo volti zinazohitajika kuiruka nafasi ya plagi zinavyoongezeka. Cheche ikiona njia rahisi zaidi, kwa mfano mpasuko katika waya, hupita huko. Dalili hiyohiyo inaweza pia kuletwa na mafuta yasiyofika ya kutosha, na namna ya kutofautisha ni hisia ya kosa: cheche hukatika kwa ghafla, kama swichi inayozimwa na kuwashwa, lakini mafuta yakipungua gari hulegea polepole kabla ya kuanza kugutuka.

Kinyume chake, gari linalomisi likiwa limesimama na kupona likiongezwa mwendo huenda linavuta hewa isiyopita kwenye kabureta, au lina vali isiyofunga vizuri. Gari linalosumbua asubuhi ya mvua na kutulia jua likitoka lina unyevu kwenye waya au kifuniko cha distribyuta. Linaloanza kumisi baada ya nusu saa ya safari, likapumzishwa kivulini na kupona, linatia shaka koili au kondensa, ambazo huharibika ndani kwa joto.

## Tahadhari

Mkupuo wa koili unaweza kumrusha mtu, na mkono unaoruka huweza kuangukia feni. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kabisa kugusa mfumo wa cheche injini ikiwa inawaka. Nguo zinazoning'inia, tai, kanga na nywele ndefu hufungwa vizuri. Injini haiwashwi ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi inayoua bila harufu. Petroli haihifadhiwi kwenye kopo lililo wazi karibu na mahali panapojaribiwa cheche. Mafundi wameungua kwa uzembe huu.

## Kutafuta silinda inayomisi

Injini ikiwa inawaka na kunguruma polepole, waya wa plagi moja huchomolewa kwa koleo lenye mpini wa mpira, na ncha yake hugusishwa kwenye chuma cha injini ili umeme upate pa kwenda. Waya ukiachwa ukining'inia hewani, mkupuo hutafuta njia ndani ya koili au kifuniko na unaweza kuviharibu. Silinda ikiwa nzima, injini hupungua mwendo na kutetemeka zaidi waya wake unapotolewa. Isipobadilika chochote, silinda hiyo tayari ilikuwa imekufa. Waya hurudishwa na kazi huendelea kwa silinda inayofuata.

Jaribio hili linafaa kwa magari yenye pointi tu. Kwenye mifumo ya cheche ya kielektroniki linaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa.

Silinda ikishajulikana, njia nafuu kuliko zote ni kubadilishana. Plagi ya silinda iliyokufa, tuseme namba 3, huhamishiwa namba 1, na ya namba 1 huletwa namba 3. Kumisi kukihamia namba 1, plagi ndiyo mbovu. Kukibaki namba 3, waya za plagi hubadilishwa kwa namna hiyohiyo, ikiwa urefu unaruhusu. Hakuna senti iliyotumika, na tayari vitu viwili vimethibitishwa au kuondolewa kwenye orodha. Inashangaza jinsi hatua hii inavyorukwa.

## Kusoma plagi

Plagi zote hutolewa na kupangwa mezani kwa namba za silinda zake. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda yenye afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Weusi unaong'aa na wenye mafuta ya injini huonyesha oili inapanda kupitia ringi za pistoni au inashuka kupitia vali. Weupe wenye malengelenge ni alama ya joto kali: hewa imezidi, taiming imewahi mno, au plagi si ya aina inayotakiwa. Plagi iliyolowa petroli mbichi inasema kwamba mafuta yalifika lakini hayakuwaka.

Plagi moja ikitofautiana na wenzake, tatizo ni la silinda hiyo. Zote nne zikiwa nyeusi sawasawa, hakuna faida ya kuhangaika na silinda moja moja. Kabureta, choki au filta ya hewa iliyoziba ndiyo ya kutazamwa.

Nafasi ya plagi hupimwa kwa fila geji. Kwa Land Rover Series III ni milimita 0.75 hadi 0.80. Plagi iliyotumika muda mrefu huliwa na nafasi kupanuka, na kwa kuwa huongezeka kidogo kidogo dereva huzoea upungufu wa nguvu bila kuutambua. Mpasuko kwenye kauri nyeupe ya plagi, hata mwembamba kama unywele, unatosha kuifanya itupwe.

## Mfumo wa cheche

Makosa mengi ya kumisi katika magari ya umri huu yamo hapa, kwa hiyo ndipo uchunguzi unapoanzia.

Waya na kifuniko hujaribiwa usiku au ndani ya banda lenye giza, milango ikiwa wazi kwa ajili ya moshi. Injini ikinguruma, cheche zinazovuja huonekana kama nyuzi za buluu kati ya waya na chuma. Maji kidogo yakinyunyizwa kwa chupa ya kupulizia huongeza uvujaji na kuuonyesha. Kifuniko hufunguliwa na kutazamwa ndani kwa tochi: mstari mweusi mwembamba kati ya nguzo mbili ni njia ya kaboni ambayo umeme umejichimbia, na kuufuta kwa kitambaa hakuuondoi kwa muda mrefu. Kidonge cha kaboni katikati ya kifuniko kinapaswa kubonyea na kurudi kwa springi yake.

Pointi zilizoungua na kuwa na vishimo husuguliwa kwa msasa laini kama suluhisho la njiani, lakini dawa yake ni kubadilishwa. Nafasi yake katika Land Rover Series III ni milimita 0.35 hadi 0.40, nayo hupimwa kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya pembe ya kemu ya distribyuta. Kisigino hicho kikilika, nafasi hupungua na cheche huchelewa. Ndiyo maana kila mara nafasi ya pointi inaporekebishwa, taiming hukaguliwa baada yake, wala si kabla.

Pointi zinazoungua upesi, na zinazotoa cheche kubwa ya buluu zinapofunguka, humshitaki kondensa. Kondensa ni kipuri cha bei ndogo, lakini kuwa kipya hakumaanishi ni kizima. Wenye magari ya zamani wamejifunza kuweka akiba kondensa na rota walizokwisha kuzithibitisha kazini, kwa kuwa baadhi ya zinazouzwa siku hizi hufa ndani ya safari chache. Kipuri kipya kikiwa kimefungwa jana, bado kiko kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kuna kosa moja linalowasumbua hata mafundi wazoefu. Ndani ya distribyuta mna waya mfupi mwembamba unaopeleka umeme kwenye pointi, na mwingine unaounganisha sahani ya pointi na mwili wa distribyuta. Sahani hiyo husogezwa na kifaa cha utupu kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta. Baada ya miaka mingi ya kupindapinda, nyuzi za shaba hukatika ndani huku ngozi ya waya ikionekana nzima. Gari linaposimama waya hugusana. Linapoongezwa mwendo huachana, na gari humisi. Kupima kwake ni rahisi: mpira mdogo wa utupu huchomolewa kwenye distribyuta na mdomo wake kuzibwa. Kumisi kukitoweka, waya huo au sahani yenyewe ndiyo yenye kosa.

Shafti ya distribyuta iliyolegea hufanya nafasi ya pointi ibadilike kila mzunguko. Ikishikwa kwa vidole na kutikiswa pembeni haipaswi kucheza kwa namna inayoonekana. Ikicheza, hakuna marekebisho ya pointi yatakayodumu mpaka bushi zake zibadilishwe.

Mwisho wa sehemu hii ni koili. Koili ya volti 12 isiyo na kipingamizi cha nje huwa na ukinzani wa karibu omu 3 kati ya ncha zake mbili ndogo. Kipimo hicho hufanywa ikiwa ya moto pia, kwa sababu koili mbovu mara nyingi hupita mtihani ikiwa baridi.

## Mafuta na hewa

Pampu ya mafuta ya Land Rover hizi huendeshwa na injini yenyewe na ina kikombe cha kioo chenye wavu wa kuchuja. Tone la maji au mchanga mwekundu chini ya kikombe hicho huonekana kwa macho, na huokoa muda wa kufungua kabureta bila sababu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na kuziba jeti kwa vipindi. Gari humisi, likapona, likamisi tena.

Ubora wa petroli nao umewahi kuwa tatizo. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa hushusha okteni, hupaka plagi masizi na kuifanya injini igonge. Nchini Tanzania, EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili uchakachuaji utambulike, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya.

Hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta hufanya mchanganyiko kuwa hafifu. Huingia kwenye gasketi ya manifoldi, chini ya kabureta, au kwenye mpira uliopasuka, ukiwemo ule wa kisaidizi cha breki kwa magari yaliyo nacho. Mafundi wengine hunyunyiza petroli kwenye viungo hivyo na kusikiliza kama mngurumo utabadilika, jambo la hatari sana karibu na bomba la moshi lenye moto. Maji ya sabuni hutoa jibu lilelile: huvutwa ndani penye tundu, na mngurumo hubadilika kwa muda.

Kabureta ya Zenith iliyofungwa katika nyingi za Series III ina udhaifu wake. Uso wa kifuniko chake cha juu hupinda, hasa ukikazwa kupita kiasi, na pete ya mpira iliyo ndani hukauka. Petroli hupita pasipotakiwa, injini hunguruma kwa kusitasita, na skrubu ya kurekebisha mchanganyiko huwa haina athari yoyote. Uso husawazishwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo bapa, na pete hubadilishwa.

Mwinuko wa nchi hauna budi kuzingatiwa pia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kabureta haijui hilo; hutoa petroli kwa kipimo cha pwani. Gari lililorekebishwa vizuri Mombasa litatoa moshi mweusi na huenda likamisi likifika Nairobi, na lililorekebishwa Nairobi litakuwa na petroli pungufu likishuka pwani. Anayeishi juu na chini huchagua kipimo cha kati na kukubali hasara kidogo pande zote mbili.

## Mgandamizo

Cheche na mafuta vikiwa sawa, silinda hupimwa mgandamizo. Injini hupashwa moto, plagi zote hutolewa, waya mdogo wa koili huchomolewa, kanyagio la mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na starta huzungushwa mpaka mshale wa geji usipande tena. Jambo la maana ni ulinganifu: tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi asilimia 10 hadi 15. Namba za kitabu cha mtengenezaji zilipimwa karibu na usawa wa bahari, na fundi wa Nairobi, Arusha au Mbeya akizitarajia atazihukumu injini nzima kuwa mbovu.

Silinda dhaifu hutiwa kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umelika, kwa kuwa oili imeziba nafasi kwa muda. Kisipopanda, vali au gasketi ya hedi ndiyo inayovuja. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Mapovu kwenye rejeta na maji kupungua huthibitisha pale gasketi ilipofungua njia ya maji.

Kabla ya kufungua hedi, nafasi za tapeti hukaguliwa. Nafasi ikiwa ndogo mno, vali haifungi, moto hupita kando yake na kuiunguza. Land Rover ya lita 2.25 hutumia milimita 0.25 kwa vali zote nane, za kuingiza na za kutoa. Mafundi hutumia hesabu ya tisa: vali namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, hurekebishwa namba 1, ya 6 ikifunguka, hurekebishwa ya 3, jumla ya namba mbili daima ni 9.

Katika injini nyingi za zamani tatizo hili liliongezeka baada ya petroli yenye risasi kuondolewa. Risasi ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa watoto, lakini mabaki yake yalikuwa yakilinda viti vya vali. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimetekeleza. Injini zenye viti laini hulika polepole, vali huzama ndani ya hedi na nafasi ya tapeti hujifunga. Tiba ya kudumu ni kufunga viti vigumu hedi inapofunguliwa; kabla ya hapo, tapeti hukaguliwa mara kwa mara zaidi.

## Mfano wa uchunguzi

Chukulia Land Rover linalonguruma vizuri likiwa limesimama lakini linamisi likipanda mlima na mzigo. Mwenyewe ameshauriwa anunue kabureta. Waya za plagi zikichomolewa moja moja, injini hupungua mwendo kila mara: hakuna silinda iliyokufa. Plagi zote zina rangi ya kahawia, kwa hiyo mchanganyiko ni mzuri na kabureta haina hatia, lakini nafasi zake zimefikia milimita 1.1. Gizani, injini ikiongezwa mwendo ghafla, uzi wa buluu unaonekana ukiruka kutoka waya wa kati kwenda kwenye chuma.

Sasa mambo mawili yanaungana. Nafasi pana ya plagi inadai volti nyingi, na mzigo wa mlima unazidisha dai hilo. Waya uliochoka hauwezi kuzizuia volti hizo, na cheche inaruka nje. Likiwa limesimama, dai ni dogo na waya unastahimili. Anayebadilisha waya tu atapona kwa muda, kisha kifuniko au rota itafuata kupasuka kwa sababu dai la volti halijapungua. Kinachotakiwa ni waya mmoja na kurekebisha plagi, au kununua mpya kama ncha zake zimelika sana.

## Kuendesha gari linalomisi

Gari linalomisi linaweza kumfikisha dereva kwenye gereji ya karibu, lakini kulitumia hivyo kwa wiki nzima ni ghali. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, hushuka na kuichuja oili iliyo chini, na ringi na beringi hulika. Oili inayonuka petroli hubadilishwa mara kosa likisharekebishwa. Kwenye magari yenye masega katika bomba la moshi, petroli hiyo huungua humo, na masega huyeyuka. Hatari ya barabarani ni ya haraka zaidi: gari linaloweza kukosa nguvu wakati wowote halifai kulipita lori kwenye mlima.

## Magari ya dizeli na yenye kompyuta

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inapomisi, kinachochunguzwa ni nozeli, hewa iliyoingia katika mabomba ya mafuta, na mgandamizo. Silinda inayomisi hutafutwa kwa kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja, kwa injini za zamani pekee. Katika dizeli za kisasa shinikizo la mabomba hayo linaweza kutoboa ngozi.

Magari yenye mfumo wa OBD-II, uliolazimishwa Marekani kwa magari ya modeli ya mwaka 1996 na kuendelea, hujichunguza yenyewe. Kompyuta hupima mwendo wa krenkishafti, na kila silinda inapokosa kuwaka mzunguko hupungua kasi kidogo sana, jambo ambalo kihisi hulitambua. Msimbo P0301 unataja silinda namba 1, P0302 namba 2, na kadhalika, na P0300 unamaanisha kumisi kusiko na mpangilio. Msimbo hautaji kipuri cha kununua. Unafanya kazi ileile inayofanywa na koleo lenye mpini wa mpira katika Land Rover: kuonyesha ni silinda gani, na baada ya hapo fundi hurudi kwenye cheche, mchanganyiko na mgandamizo.